Kabla hujanunua Range au V8 ukiwa Mwanza

Anayetaka shangingi huuliza bei kwanza, kisha ulaji wa mafuta. Kwa mtu anayeishi Mwanza hayo ni maswali madogo. Kubwa ni hili: gari ikigoma Jumatatu asubuhi, kifaa kitatoka wapi, kitafika lini, na nani hapa mjini atakifunga kikakaa? Range Rover inayosumbua mara moja kwa mwaka lakini ikalala gereji wiki sita kungoja kifaa cha Dubai inakutesa kuliko Prado inayosumbua mara tatu na kupona siku hiyohiyo.

Jambo la pili, ambalo muuzaji hatakuambia: starehe ya gari hizi imo ndani ya mifumo ileile inayoharibika. Ule wepesi wa kupita juu ya mashimo ya Buswelu na Kiseke unatoka kwenye mifuko ya upepo. Ukimya wa ndani unategemea mipira ya milango na bushi ambazo vumbi huzila. Viti vinavyojipanga, paa la kioo, mlango wa nyuma unaojifunga, vyote vina mota, sensa na waya. Ukitaka starehe zaidi, umekubali vitu vingi zaidi vya kuhudumia. Cha kuamua ni starehe ipi unaiweza.

Nianze na saspensheni, kwa sababu ndiko pesa nyingi zinakopotelea na ndiko mafundi wengi wanakobahatisha.

Saspensheni ya upepo

Land Rover Discovery 3 na 4, na Range Rover Sport ya toleo la kwanza (2005 hadi 2013), nyingi hukaa juu ya mifuko minne ya mpira iliyojazwa upepo. Kompresa iko chini ya gari, mahali tope na vumbi vinafika. Upepo unapita kwenye kikaushio chenye punje za kunyonya unyevu, unaingia kwenye bloku za valvu, kisha kila kona inapata mgawo wake. Sensa nne za urefu zinaiambia kompyuta kila kona iko wapi.

Ugonjwa huanza kwenye mfuko. Mpira unapojikunja kila siku sehemu ileile, hupata nyufa ndogo, na mchanga ukiingia kwenye mkunjo unasaga. Upepo unavuja kidogokidogo usiku. Asubuhi kompresa inafanya kazi dakika kadhaa badala ya sekunde chache ili kuinua gari. Baada ya miezi ya kazi hiyo ringi yake inaisha, inachemka, kompyuta inaizima, na dashibodi inaandika kwamba saspensheni ina hitilafu na usizidi kilomita 50 kwa saa. Hapo mwenye gari ananunua kompresa mpya. Inafungwa, gari inanyanyuka, watu wanapongezana, na baada ya muda mfupi ile mpya nayo inakufa. Kompresa ni marehemu wa pili. Muuaji ni mfuko, na bado yupo.

Kwa hiyo tafuta uvujaji kwanza. Paki sehemu tambarare. Pima kwa futi ya chuma kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, kona zote nne, uandike kwa milimita. Kisha chomoa fyuzi ya saspensheni (kitabu cha gari kinaonyesha ipo wapi). Hili la fyuzi wengi wanaliruka na ndilo linalowapoteza: kompyuta ya Land Rover huamka yenyewe gari ikiwa imezimwa, ikikuta kona moja imeshuka inazishusha na nyingine zilingane nayo. Asubuhi unakuta gari yote imelala sawasawa na hujui mgonjwa ni nani. Ukichomoa fyuzi, kona mbovu itajitaja. Acha saa 12, pima tena. Kona iliyoshuka zaidi ya milimita 10 hivi inavuja. Zikishuka mbili za mbele kwa kipimo kilekile, shuku bloku ya valvu inayozigawia.

Baada ya hapo, inua gari kwenye urefu wa porini ili mikunjo ya mifuko ifunguke, pulizia maji ya sabuni kwenye mpira, kwenye kiungio cha bomba juu ya shokapu na kwenye bloku. Povu litakuonyesha. Usiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na upepo peke yake. Weka stendi chini ya chasisi, maana mfuko ukipasuka gari ya tani mbili na nusu inashuka bila kuaga.

Kabla ya kutoa hela kubwa, malizia vitu vidogo: vijiti vya sensa za urefu hukatika au kushika kutu, na rilei (swichi ya umeme) ya kompresa huungua ikabaki imeshikana. Rilei ni ya bei ndogo, na kila kompresa mpya ifungwe na rilei mpya. Ukifungua kompresa, badilisha punje za kikaushio. Zikishalowa hugeuka unga, unga unaingia kwenye valvu, na hapo unaanza ugonjwa mwingine.

Kuna mafundi watakaokushauri utupe upepo ufunge springi za chuma. Inawezekana, vifaa vyake vinauzwa. Lakini unabaki na gari nzito isiyoweza kujiinua, inayoyumba kwenye kona, na taa ya hitilafu inayowaka mpaka ufunge kifaa cha kuidanganya kompyuta. Kama unataka springi za chuma, nunua Land Cruiser tangu mwanzo. Kujiinua kule kuna kazi: ukienda Ukerewe, kabla ya kupanda mlango wa kivuko pale Kisorya, milimita 55 za ziada ndizo zinazonusuru bampa.

Upande wa Toyota usidhani uko salama moja kwa moja. Land Cruiser 200, hii ambayo kila mtu anaiita V8, nyingi zina springi za kawaida na hazina maneno. Lakini baadhi ya Land Cruiser VX za mwili wa 100, pamoja na Lexus LX470 na LX570, zina saspensheni ya mafuta. Ndani yake kuna matufe yenye gesi ya nitrojeni nyuma ya utando, na gesi ikiisha gari inarukaruka kama pikapu tupu hata kama inapanda na kushuka vizuri kwa kitufe. Kwa LX470 na VX ya 100 kipimo ni rahisi: injini ikiwa inaunguruma, weka gari urefu wa chini, soma alama ya mafuta kwenye kopo lake chini ya boneti, inua hadi juu kabisa, soma tena. Tofauti ya alama kama 14 ni matufe mazima. Ikifika 7 au chini, yamekwisha. Muuzaji mwenye haraka hapendi kipimo hiki.

Prado 150 za Japani za daraja la juu, TZ-G, zina mifuko ya upepo nyuma tu. Mbele ni kawaida. Huo ni mpangilio mzuri kwa huku: starehe karibu yote, ubovu nusu.

Matairi kabla ya kulaumu saspensheni

Range Rover Sport yenye rimu ya 20 na tairi 275/40 (upana milimita 275, ukuta asilimia 40 ya upana huo) ina ukuta wa mpira wa milimita 110. Land Cruiser yenye 285/60 rimu 18 ina milimita 171. Hizo milimita 61 unazisikia mgongoni kwenye barabara zenye mawe za Isamilo, na rimu inazisikia zaidi. Mtu analipia mfumo wa upepo wa mamilioni, kisha anaufunga kwenye rimu za 22 kwa ajili ya picha. Anayeishi njia ya changarawe ashuke saizi. Discovery 3 inakubali 255/60 rimu 18. Discovery 4 ya dizeli 3.0 ina breki kubwa zaidi mbele, rimu 18 nyingi hazipiti, kwa hiyo kaa kwenye 255/55 rimu 19.

BMW X5 nyingi zilitoka na tairi zinazoweza kutembea bila upepo. Ukuta wake ni mgumu, gari inagonga, na nyingi hazina tairi ya akiba. Jiwe likichana ukuta kati ya Lamadi na Bunda, umebaki barabarani. Ukibadilisha kwenda tairi za kawaida, tafuta na akiba.

Injini: ipi inaua mfuko wa pesa

Dizeli ya Land Rover, 2.7 na 3.0 za V6 (silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V), ni tulivu, ina nguvu, na ulaji wake ni mzuri kwa uzito ule. Hofu yake ni krankshafti, mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini. Beringi hujizungusha, njia ya oili inaziba, krankshafti inakatika, na hakuna cha kurekebisha zaidi ya kutafuta injini nyingine. Ratiba ya kiwandani ya kumwaga oili ilikuwa ndefu mno. Huku mwaga kila kilomita 7,000 hadi 8,000, oili ya 5W-30 ya viwango vilivyoandikwa kwenye kitabu, na usikubali kopo lisilo na viwango hivyo. Mkanda wa taimingi wa 2.7 Uingereza hupewa maili 105,000 au miaka 7. Kwa vumbi letu, kilomita 100,000 zinatosha. Nyuma ya injini kuna mkanda mwingine mdogo unaoendesha pampu ya dizeli, na huo husahaulika. Turbo zikifa, jiandae: utaratibu unaozoeleka ni kuinua bodi yote kutoka kwenye chasisi. Muulize fundi kama amewahi kufanya hivyo, na kama gereji yake ina lifti.

Mercedes ML na GL za dizeli 3.0 V6 zina injini inayodumu, ila sili za kipoza oili kilicho katikati ya V huvuja. Sili zenyewe ni bei ndogo, kazi ya kufikia pale ni ya siku nzima. Oili ikionekana kwenye kiungo cha injini na gia boksi, fundi asiyejua atakuuzia sili ya nyuma ya krankshafti. Range za petroli 5.0 V8 zina masuala ya cheni ya taimingi na mabomba ya plastiki ya maji. Sikiliza ikiwashwa baridi. Mlio wa kukwaruza kwa sekunde kadhaa ni sababu ya kuondoka.

Prado za dizeli zina mambo mawili tofauti kulingana na umri. Injini ya 3.0 (1KD) ina washa (ringi bapa) za shaba chini ya nozeli zinazonyunyizia dizeli. Zikivuja, moshi wa mwako unaingia kwenye oili, oili inakuwa lami, lami inaziba chujio la pampu, taa ya presha inawaka, injini inanoki. Badilisha washa hizo kila nozeli zinapotolewa, na ukinunua gari isiyo na historia, shusha sampu (bakuli la oili la chini) utazame chujio. Oili ni karibu lita 7. Land Cruiser V8 ya dizeli 4.5 inataka zaidi ya lita 9, kwa hiyo ukiletewa bili ya lita 7 kwa V8, kuna kitu hakikufanyika.

Prado ya 2.8 (1GD) ilianza kuuzwa Japani Juni 2015. Ina chujio la masizi kwenye ekzosi na tangi la AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi wa dizeli. Tangi likikauka, gari ikizimwa haiwaki tena. Chujio nalo linahitaji joto, na safari za Capri Point hadi Kenyatta Road hazilipi joto hilo. Kompyuta inajaribu kulichoma kwa kumwaga dizeli ya ziada, unazima kabla haijamaliza, dizeli inateremka kwenye oili. Dalili ni kijiti cha oili kupanda badala ya kushuka. Dawa ni safari: mara moja kwa wiki shika barabara ya Shinyanga au ya Magu, nusu saa, mwendo wa 80, gia ya chini kidogo ili injini izunguke zaidi ya mizunguko 2,000. Asiyetoka mjini kabisa anunue petroli 2.7, akubali uzito wake mlimani.

Na uzito huo utausikia. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kinachozuia yasichemke ni presha ya mfumo, na presha inashikwa na kifuniko. Kifuniko kikilegea, gari inayopanda mlima kwa gia ya kwanza huku AC imewashwa itachemsha, na watu watakimbilia kulaumu hedi gasketi. Badilisha kifuniko kwanza. Tumia kulanti (kimiminika cha kupozea injini) nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, usijaze maji ya bomba wala ya ziwani, na usichanganye rangi. Kwa Land Cruiser 200, chungulia tangi la juu la rejeta. Plastiki yake hupata ufa mwembamba na kuacha alama ya rangi ya waridi iliyokauka.

Gia boksi: Range, Discovery na BMW nyingi zinatumia gia boksi ya kampuni ya ZF, ya gia 6 au 8. Utaambiwa oili yake ni ya maisha. Watengenezaji wa gia boksi wenyewe wanashauri kilomita 80,000 hadi 120,000. Sampu ni ya plastiki na chujio limo ndani yake, vinabadilishwa pamoja. Usawa wa oili hupimwa injini ikiwaka na oili ikiwa kati ya nyuzi 30 na 50, joto linasomwa kwa mashine. Fundi anayejaza kwa kukadiria huku gari imezimwa amekuharibia.

Umeme na maji

Gari hizi hazivumilii betri dhaifu. Betri ikishuka chini ya volti 12.2 baada ya kulala usiku, dashibodi inajaa hitilafu za uongo: gia, saspensheni, breki. Pima betri kabla ya kusoma kodi yoyote, yaani namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari. BMW inataka betri mpya isajiliwe kwenye kompyuta, vinginevyo inaichaji kama ya zamani na kuiua mapema.

Paa la kioo lina mirija minne ya kutolea maji. Ukipaki chini ya mwembe au mwarobaini, majani yanaziba, masika yakija maji yanashuka kwenye zulia, na chini ya zulia kuna waya na vidhibiti. Mimina maji kidogo kwenye mfereji wa paa uone yanatoka chini ya gari. Vijana wa kuosha magari waambie mapema: mashine ya presha isielekezwe ndani ya boneti.

Sitarefusha kuhusu mafuta. V8 ya petroli mjini ikikupa kilomita 5 kwa lita, shukuru.

Kabla ya kulipa

Discovery na Range nyingi zilitoka Uingereza. Kama una namba yake ya usajili ya kule, ingia kwenye tovuti ya serikali yao ya historia ya MOT, ukaguzi wao wa lazima wa gari wa kila mwaka. Ni bure. Utaona umbali iliotembea, kwa maili, wa kila mwaka tangu gari ilipofikisha miaka 3, na kila kitu kilichoifelisha. Odometa iliyorudishwa nyuma inajulikana papo hapo. Kisha lala chini utazame chasisi na mabomba ya breki, maana kule humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na kutu hiyo haiponi Mwanza. Kwa gari ya Japani, omba karatasi ya mnada pamoja na cheti cha kusafirishia nje. Ushuru upige mwenyewe kwenye kikokotoo cha TRA, kwa sababu umri na ukubwa wa injini hubadilisha hesabu sana.

Spea za Land Cruiser na Prado utazipata hapahapa, na zisipopatikana zinapakiwa kwenye basi kutoka Kariakoo jioni. Za Land Rover, BMW na Mercedes agiza kwa namba ya chasisi, kamwe si kwa mwaka wa gari, kwa kuwa vifaa vilibadilishwa katikati ya mwaka. Mwenye Discovery awe na kifaa chake cha kusomea kodi kinachofika hadi saspensheni. Vile vidogo vya kusoma injini tu havimsaidii.

Mimi ningesema hivi. Anayekwenda Dar mara kwa mara, zaidi ya kilomita 1,100, na hataki maswali, achukue Land Cruiser 200 ya springi za chuma. Anayependa ulaini na anaweza kusubiri vifaa, Discovery 4 yenye historia kamili inamshinda Prado kwa starehe bila ubishi, mradi awe na gari ya pili nyumbani. Range ya V8 yenye turbo au kompresa ya hewa kwenye injini, ya zaidi ya miaka 10, bila kitabu cha sevisi: aiache muuzaji aipaki tena.

Ukishaichukua Discovery, usisahau tairi ya akiba. Inaning'inia chini nyuma kwa kebo ya winchi, kebo inajaa tope na kutu hadi inagoma kushuka. Kila miezi 6 ishushe mpaka chini, safisha kebo, paka grisi, irudishe. Nati za magurudumu kaza kwa nyutoni-mita 140.